Launji tatu, uwanja mmoja, muda wa saa saba: mngeanzia ipi?

Mpitanjia

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni uzoefu wenu.

Nasafiri na mama mzazi. Tunaunganisha ndege kwenye uwanja mkubwa, tunatua saa moja jioni na ndege ya pili inaondoka saa nane usiku. Tiketi zetu zote ni daraja la kawaida, ila mimi nina kadi ya dhahabu ya Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege, na benki imenipa Priority Pass, kadi ya kuingilia launji. Terminali hiyo ina launji tatu, yaani kumbi za abiria kupumzikia, ambazo kwa karatasi tunaweza kuingia. Moja ni ya shirika lenyewe tunalosafiri nalo, kubwa sana. Ya pili ni ndogo, ya shirika jingine la muungano huohuo. Ya tatu si ya shirika lolote, ni ya kampuni binafsi, na ndiyo inayopokea Priority Pass.

Tatizo langu ni maoni ya watu. Ile kubwa, ukisoma yaliyoandikwa miaka michache nyuma ni sifa tupu: viti vya kujinyoosha, bafu safi, chakula cha moto hadi usiku. Ukisoma ya karibuni, kuna wanaosema watu wanakaa chini kwenye zulia karibu na soketi za kuchajia. Ile ndogo ilikuwa inadharauliwa, sasa naona inapendwa. Ya kampuni binafsi kila mtu ana lake, nyota tano na nyota moja ndani ya wiki ileile.

Mama ana umri na magoti yanamsumbua. Anachohitaji ni kiti cha kuinua miguu, choo cha karibu na utulivu. Chakula ni nyongeza tu. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi? Na nikishaingia moja, naruhusiwa kuhamia nyingine?

Kijiti_cha_Sita

Kuhama ruksa. Kila launji inakagua kadi na bodingi pasi yako kivyake, haijali umetoka wapi. Nimeshaona watu wanakunywa kahawa huku, wanaoga kule, wanalala kwingine.

Kuhusu mama: dhahabu ya Star Alliance inakuruhusu kuingia na mgeni mmoja, sharti naye awe anaondoka uwanja huohuo kwa ndege ya shirika la muungano. Yeye anatimiza, kwa hiyo launji mbili za kwanza ni zenu bila mjadala. Hii ya Priority Pass ndiyo ya kuchunguza. Mgeni anategemea benki iliyokupa kadi: zipo zinazomlipia, zipo zinazokukata baadaye kwenye akaunti bila hata kukuaga. Soma masharti ya benki yako, usiishie kwenye tovuti ya Priority Pass.

Jambo moja zaidi. Nembo ya Star Alliance mlangoni haimaanishi kila mwenye dhahabu anaingia. Launji za Polaris za shirika la United ni za wasafiri wa daraja la biashara wa safari ndefu, na dhahabu haifungui mlango ule. Hakikisha ile kubwa haina sehemu mbili, ya juu na ya chini, maana picha nzuri mtandaoni huwa ni za ile ambayo hamtaingia.

Bi_Mkubwa_wa_Geti

Mwanangu, kwanza hongera kwa kumfikiria mama magoti kabla ya chakula. Wengi humu wanauliza bufee.

Nikueleze kwa nini maoni yanapingana. Launji ya kwanza ya shirika la ndege ilikuwa Admirals Club ya American Airlines, uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939. Uliingia kwa kualikwa. Viti vichache, watu wachache. Priority Pass ikaja 1992, ikawa mtu anaweza kuingia launji bila kujali anapanda shirika gani wala daraja gani. Kisha benki zikaingia kwa miguu miwili. American Express ikafungua launji zake yenyewe, ya kwanza Las Vegas mwaka 2013. Kufikia hapo launji si heshima ya msafiri tena, ni kishawishi cha kukufanya uchukue kadi ya benki. Kadi zimegawiwa kwa maelfu. Majengo ya viwanja hayatanuki kwa kasi hiyo.

Ndipo mashirika yakaanza kubana mlango. Delta, shirika la Marekani, mwaka 2022 walisema huingii launji zao mapema kuliko saa tatu kabla ya ndege yako, ingawa anayeunganisha ndege kama ninyi hakuguswa. Mwezi Februari 2025 wakawawekea kikomo wenye kadi za American Express: mara 10 kwa mwaka kwa Platinum, 15 kwa Reserve, isipokuwa uwe mtumiaji mkubwa sana wa hiyo kadi. Waliozoea walikasirika, lakini sheria za namna hii zikifanya kazi, launji hupumua. Kwa hiyo ubora haushuki tu, hupanda pia, na hupanda kimyakimya. Hiyo ndogo yako inayopendwa sasa, angalia kama kuna kadi waliyoacha kuipokea. Nasema hivyo kwa sababu mikataba hii huvunjika: Plaza Premium, kampuni binafsi ya launji, walijitoa Priority Pass mwaka 2021, na maoni yote ya wenye Priority Pass kuhusu launji zao yakawa ya kale siku ileile.

Na pesa ya matengenezo siku hizi inakwenda kwa wa madaraja ya juu. Shirika likijenga launji mpya ya daraja la biashara ya safari ndefu, viti vizuri vinakwenda kule, na ile ya zamani inabaki na sisi wa kadi.

Nusu_Usingizi

Mimi launji niliacha. Tafuta geti ambalo halina ndege kwa muda, viti virefu visivyo na mikono, lala. Kimya kuliko launji yoyote na hakuna wa kukuangalia kadi.

Bi_Mkubwa_wa_Geti

Nusu Usingizi, wewe una mgongo wa miaka ishirini. Mtu mwenye magoti mabovu umlaze kwenye bati la geti hadi saa nane usiku? Hebu tuwe serious, kijana.

Nusu_Usingizi

Shikamoo mama, nimenyamaza.

Mtu_wa_Trei

Nimewahi kufanya kazi upande wa jikoni wa launji, wapi nisiseme. Naongezea kwa Bi Mkubwa.

Launji nyingi zenye nembo ya shirika haziendeshwi na shirika. Kuna mkandarasi ndani, na mara nyingi analipwa kwa kichwa: kila bodingi pasi inayosomwa mlangoni ni malipo. Shirika lisilo na launji yake hulipia abiria wake waingie kwa jirani kwa mtindo huohuo. Sasa mkataba ukiisha, anakuja mwingine aliyeomba kazi kwa bei ya chini. Nembo ukutani ni ileile, makochi ni yaleyale, lakini mikono ya kufuta meza imepungua. Aliyesifu mwaka juzi na anayeponda leo wote wanasema kweli. Kila mmoja aliingia kwenye mkataba wake.

La pili ni saa. Uwanja ambao ni kituo kikuu cha shirika hupangwa kwa mawimbi: ndege nyingi zinatua kwa pamoja, abiria wanabadilishana, kisha nyingi zinaondoka kwa pamoja. Launji inafuata hayo mawimbi, maji kujaa na maji kupwa. Mtu aliyeingia saa mbili usiku akakosa kiti na mtu aliyeingia saa sita akapata kitanda wanaweza kuwa wamekaa chumba kimoja siku moja. Maoni yasiyotaja saa hayana msaada. Fungua ratiba ya safari za kuondoka za uwanja huo kwa siku yako, hesabu ndege kubwa za shirika hilo kila saa. Utaona wimbi lenyewe kwa macho.

La tatu, ndege ikichelewa. Chakula na wafanyakazi wa zamu hupangwa kwa makadirio ya abiria wa siku hiyo. Ndege moja kubwa ikichelewa, waliotakiwa kuondoka wanabaki na wa ndege inayofuata wanaingia. Ukikuta trei tupu, tazama ubao wa safari kabla hujaandika nyota moja.

Kipimo changu nikiingia launji nisiyoijua: siendi kwenye chakula. Naangalia choo, halafu naangalia vyombo vichafu vimekaa mezani muda gani. Chakula kinaweza kupambwa dakika tano kabla ya bosi kupita. Vyombo vichafu vinakuonyesha wafanyakazi wa zamu ni wangapi.

Mpitanjia

Asanteni sana, hasa hili la mawimbi sikuwahi kulifikiria. Nimefungua ratiba sasa hivi. Shirika letu lina ndege kubwa zimebanana kuanzia saa tatu hadi karibu saa tano na nusu usiku, halafu panakuwa pakavu hadi wakati wetu. Launji kubwa iko wazi saa ishirini na nne. Ile ndogo inafungwa saa sita usiku.

Swali jingine: mama nimemwombea kiti cha magurudumu. Wakitupokea mlangoni mwa ndege, watakubali kutupeleka launji au watamwacha kwenye eneo lao la kusubiria?

Fundi_wa_Njia

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mhudumu wa kiti anafuata alichoandikiwa: toka ndege hii, peleka ndege ile. Muda ukiwa mrefu, viwanja vingi vina eneo maalumu la wanaosubiri msaada, na humo ndimo atakapowaacha msiposema neno. Mwambie mapema, mkiwa bado mlangoni mwa ndege, kwamba mnakwenda launji fulani na mngependa mchukuliwe hapohapo saa fulani. Wengi hukubali. Mkifika, mwombe mtu wa mapokezi ya launji aandike jina la mama na saa ya kuchukuliwa, kisha umkumbushe nusu saa kabla. Usitegemee tangazo. Launji nyingi siku hizi hazitangazi ndege kabisa, zinakuachia ubao na simu yako.

Angalia pia msimbo uliowekwa kwenye tiketi. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, shida yake ni umbali tu. WCHS ni asiyeweza ngazi. Kama ndege inaegeshwa mbali na mnapelekwa kwa basi, tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu wa magoti. Piga simu kwa shirika wakusomee ulioandikwa.

Na kabla ya kupenda launji yoyote, ijue iko upande gani wa ukaguzi wa pasipoti. Kwenye viwanja vya nchi za Schengen, zile za Ulaya zisizokaguana pasipoti, kwa mfano, shirika moja linaweza kuwa na launji mbili zenye jina linalofanana, moja upande wa safari za ndani ya Schengen na nyingine upande wa safari za nje. Ukivuka kuifuata nzuri, kurudi ni foleni, au huruhusiwi kabisa.

Mpitanjia

Nimeangalia ramani, zote tatu ziko upande wa geti zetu. Ya kampuni binafsi ndiyo ya mbali zaidi.

Kijiti_cha_Sita

Basi hiyo ya mbali iache iwe akiba. Launji za Priority Pass wakijaa huweka kibao mlangoni kwamba leo hawapokei kadi, na nyingi zina kikomo cha kukaa saa mbili au tatu. Kumkokota mama kote huko ukarudishwe ni uonevu.

Mpitanjia

Nimeamua hivi, nirekebisheni. Tukitua twende moja kwa moja ile ndogo, mama ainue miguu, tule kidogo, tukae wakati ile kubwa imejaa. Ikikaribia kufungwa tunahamia kubwa, wimbi litakuwa limeondoka, tunakaa hadi saa ya kupanda. Kiti cha magurudumu nitaomba kituchukulie ile kubwa.

Fundi_wa_Njia

Sawa, ila nani atamsukuma kutoka ndogo kwenda kubwa? Omba safari mbili toka mwanzo, au uulize kama wanaruhusu ubaki na kiti ukisukume mwenyewe. Viwanja vingine wanakataa.

Mtu_wa_Trei

Na msingoje saa sita kamili. Mkandarasi akikaribia kufunga huanza kuondoa chakula na kuzima taa upande mmoja mapema. Tokeni saa tano na nusu. Mkiingia ile kubwa, kitu cha kwanza andikisha jina la mama kwenye bafu, maana wimbi likishapita ndipo wasafishaji wanapata nafasi ya kuzisafisha zote, na za kwanza baada ya hapo ndizo safi za usiku huo. Viti vya kujinyoosha huwa mbali na bufee, upande usio na televisheni.

Mpitanjia

Nimeandika yote. Hilo la kiti nawapigia shirika kesho asubuhi.