Mrejesho: nimehama programu ya studio

Wakuu, niliuliza kama nibaki na programu yangu ya kurekodi muziki, ambayo haifunguki bila kidude cha USB chenye leseni kuchomekwa kwenye kompyuta, au nihamie FL Studio ama Reaper. Nimehamia Reaper. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya bei ya chini ni dola 60. FL ya majaribio inaseivu, ila hufungui tena ulichoseivu mpaka ulipie.

Ile ya zamani ilinimaliza Jumamosi. Mpiga gitaa kakigonga kidude kwa goti, kikapinda, programu niliyoilipia ikagoma kufunguka. Kwaya imetoka Usa River, imekaa kwenye benchi inanitazama tu. Aliyekreki, yaani anayetumia nakala ya wizi, wala hasumbuki! Biti za singeli bado napigia FL ya mshikaji aliyeko Kijenge, Arusha.