Usaili ghorofa ya pili na mimi natumia wilichea, nifanyeje? Wadau wa Kigoma nisaidieni

Binti Ujiji
Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nina miaka 24, naishi Ujiji, natumia wilichea toka utotoni na nina cheti cha kompyuta na uhasibu. Juzi kati niliitwa usaili wa ukarani ofisi moja mjini, sitaitaja. Bajaji ya kwanza ilinipita, wa pili akasema kiti kitamchania siti, wa tatu akakubali ila nilipe nauli ya watu wawili eti kiti nacho ni abiria, nikalipa nisichelewe.

Kufika pale usaili uko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Mlinzi akanipokea vizuri tu lakini akaniambia nikae pembeni, bosi akitoka nimuombe. Yaani kaona wilichea kajua nimekuja kuomba msaada, mpaka nilipomuonyesha meseji ya usaili ndo akaenda kuita watu. Wakashuka wakaka wawili wanataka kuninyanyua juu juu kama gunia la mchele, mi nimevaa sketi na wala hawajaniuliza, nikakataa. Akaja dada wa utumishi akasimama mbele yetu, mdogo wangu wa kidato cha pili ndo alikuwa kanisindikiza, basi akamuangalia yeye akamuuliza "huyu anaweza kuandika?" Mdogo wangu akashindwa kujibu akabaki ananitazama. Nikajibu mwenyewe kwamba naandika na kompyuta naijua, akasema sawa tutakupigia. Mpaka leo kimya.

Hivi ningeweza kudai wanifanyie usaili pale chini? Kuna aliyewahi kuomba akakubaliwa? Na hili la nauli mbili mnaliendeaje?

Fundi wa Tabora
Pole sana mdogo wangu. Mi natembelea magongo, nilisoma ushonaji pale Luanzari, chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu hapa Tabora. Kudai ni haki yako kabisa, tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi kwenye ajira, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Shida wengi hawaijui na anayeijua anakaa kimya. Ukiitwa tena piga simu mapema uwaambie natumia kiti mwendo naomba chumba cha chini, halafu fuatisha na meseji ili ubaki na ushahidi. Mi nilifanya hivyo sehemu moja wakahamishia usaili kwenye chumba cha mapokezi, kazi sikupata lakini niliulizwa maswali kama wenzangu wote.

Mzee wa Mwanga
Binti yangu, ajira siku hizi ngumu hata kwa wazima. Ungefungua steshenari hapo hapo nyumbani ukaachana na kusumbuliwa na hawa watu.

Fundi wa Tabora
Mzee wangu kwa heshima zote, steshenari ni kazi nzuri akiitaka yeye. Ila kasomea ukarani na anautaka, tukimwambia akae nyumbani ni kilekile alichofanyiwa pale mlangoni. Na mtu asiye na ulemavu tungemwita tu asiye na ulemavu, maana na sisi ni wazima. Hata hivyo Binti, kama mtaji utauhitaji baadaye, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia 2 ni yetu sisi wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mzee wa Mwanga
Nimekuelewa kijana wangu, sikuwa na nia mbaya.

Dereva Kibirizi
Mi naendesha bajaji. Dada, huyo aliyekutoza nauli mbili kakuonea, wilichea ya kukunja inakaa nyuma ya siti na ikizidi inafungwa kamba, siti haichaniki, sana sana ni dakika mbili tatu za kupakia na hizo dakika ndo wengi wetu hatutaki kuzitoa, huo ndo ukweli. Nenda kijiweni kwenu muone mwenyekiti wa madereva, usiongee na dereva mmoja mmoja barabarani maana kila mtu atakupa bei yake. Kwetu kuna mama mmoja tulikaa naye hivyo, sasa hivi analipa nauli ya kawaida na akipiga simu anafuatwa mpaka mlangoni.

Binti Ujiji
Asanteni sana. Mwenyekiti wa kijiwe chetu namjua, kesho namfuata. Na ile ofisi nawaandikia barua niwaulize majibu ya usaili wangu na kwa nini aliulizwa mdogo wangu badala yangu. Fundi, nakala nipeleke ustawi wa jamii halmashauri au nianzie serikali ya mtaa?

Fundi wa Tabora
Ustawi wa jamii, wagongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Kwenye barua weka tarehe na saa uliyofika.