Tupeane uzoefu: kupiga gari jeki nyumbani bila kuhatarisha maisha

Fundi wa Jumamosi, Kahawa West

Wadau, wengi wetu siku hizi tunabadilisha oili na breki pedi wenyewe uani. Kazi si ngumu na vipuri vimejaa Kirinyaga Road. Kinachonitia wasiwasi ni vile tunavyoinua gari. Mtaani kwetu naona watu wakiingia uvunguni huku gari limesimama juu ya jeki ya mkasi peke yake, ile inayokuja kwenye buti. Vitz ni gari dogo, lakini ni karibu tani moja. Jeki ile ni ya kubadilishia tairi kando ya barabara, haikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini.

Semeni: gari gani, mliinulia wapi, sakafu ya aina gani, na mliliegemeza juu ya nini? Mimi nina jeki ya toroli, ile ndefu yenye magurudumu, na stendi mbili za tani 3, yaani miguu ya chuma ya kuegemezea gari likishainuliwa. Nalegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, naweka kabari, nainua, naingiza stendi, kisha nashusha polepole mpaka uzito wote uhame kutoka kwa jeki. Halafu nalisukuma gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama litaanguka, lianguke nikiwa nimesimama nje.

Udongo Mweusi, Utawala

Huku kwetu shida ni ardhi. Kiangazi inapasuka, mvua ikinyesha inakuwa uji. Jirani alipiga Fielder jeki asubuhi baada ya mvua ya usiku, mguu wa jeki ukazama upande mmoja na gari likaketi juu ya diski ya breki. Tunashukuru Mungu hakukuwa na mtu chini. Mimi hutandika ubao mnene, mpana kuliko kitako cha jeki, na kila stendi ina ubao wake. Wenye kabro, yale matofali ya kutandaza uani, pia msijiamini sana, kwa sababu kabro iliyolazwa juu ya mchanga usioshindiliwa hudidimia palepale mguu wa stendi unapokaa.

Mama Probox, Donholm

Naomba niseme kuhusu P, ile nafasi ya gia ya kuegesha, maana wengi huamini gari la otomatiki likiwa kwenye P haliendi popote. P hufunga giaboksi, haifungi tairi. Kati ya giaboksi na tairi kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu tairi mbili zizunguke tofauti. Probox yangu inavutwa na tairi za mbele. Nikiinua moja ya mbele, ile iliyo hewani inaweza kuzunguka kinyume na mwenzake wa chini akaviringika, na P bado iko palepale. Hapo kinachonishikia gari ni hendibreki, ambayo inakamata tairi za nyuma. Nikigeuka nikainua nyuma yote, hendibreki inashika tairi zilizo hewani, yaani haisaidii kitu. Inabaki P peke yake.

Sasa Hiace ni mbaya zaidi, kwa sababu inasukumwa na tairi za nyuma na hendibreki iko hukohuko nyuma. Kaka yangu ni dereva wa matatu. Aliona fundi akiinua mkia wote wa gari kwa difu, mahali penye mteremko kidogo tu, bila kabari mbele. Gari lilisogea, jeki ikalala. Tangu anisimulie hayo, siinui hata tairi moja kabla sijaweka kabari mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini. Na mahali penye mteremko siinui kabisa.

Welda, Kariobangi

Mimi nachomelea vyuma huku Light Industries. Watu huja wakitaka niwatengenezee stendi za bei nafuu. Geti nitakuchomelea, hata keria ya juu, lakini stendi ya mtu kulala chini yake nakataa. Sina mashine ya kuipima mzigo, na kiungo kinaweza kuonekana kizuri nje huku ndani hakijashika.

Halafu kuna hii tabia ya mawe. Jiwe la Ndarugo ni la ukuta, linabeba mzigo uliosambaa. Ukilikalishia ukingo wa chuma wa gari, uzito wote unaingia mahali padogo na jiwe linapasuka ghafla, bila dalili. Bloku za simenti zenye matundu ndizo hatari kabisa. Na jeki ya oili nayo, mpira wake wa ndani ukichakaa, gari hushuka taratibu bila kelele. Kwenye ploti zetu zenye watoto, mkono mmoja tu kwenye vali unatosha kulishusha.

Mpangaji, Zimmerman

Gari langu limetoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani. Jeki naweka wapi? Na nikiweka pale, stendi itakaa wapi?

Fundi wa Jumamosi, Kahawa West

Mpangaji, angalia michoro ya kitabu, inatosha. Magari mengi madogo yana ukingo wa chuma chini ya milango, wenye alama mbili za kukatwa nyuma kidogo ya tairi ya mbele na mbili mbele ya tairi ya nyuma. Katikati ya hizo mbili ndipo pameimarishwa. Jeki ya toroli inua kwa mhimili wa mbele ulioonyeshwa kitabuni, usiguse sampu, lile karai la oili chini ya injini, ili zile sehemu za ukingoni zibaki wazi kwa stendi.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likitajwa. Mkono wa jeki ya toroli unapopanda unachora upinde, kwa hiyo lazima jeki iviringike kidogo ijiweke sawa. Magurudumu yake yakikwama kwenye ufa wa kabro au kwenye murram, kichwa cha jeki ndicho kinachoteleza chini ya gari. Fagia changarawe kwanza, na ukiona jeki haisogei, shusha uanze upya.

Mpangaji, Zimmerman

Asante sana, mzee. Parking yetu imeinama, na keyateka hataki oili imwagike. Nitapeleka gari kwa shemeji Roysambu, ana sakafu ya zege iliyo sawa. Tairi nitakayotoa nitailaza chini ya ukingo wa gari, karibu na stendi, ili gari likianguka liikalie.

Mama Probox, Donholm

Vizuri, na shemeji asitoke nyumbani ukiwa chini. Akae karibu na simu mkononi.