Kabati la nguo limejaa hadi nguo zinanuka ukungu

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninaishi Tanga, na kabati letu moja la milango mitatu ndilo linalotunza nguo za familia nzima. Limeshindiliwa kiasi kwamba ukivuta shati moja, rundo zima linafuata, na nguo za nyuma zimeanza kunuka ukungu. Nyingi ni sare za harusi, ambazo zilivaliwa siku moja tu, pamoja na doti za khanga, baadhi yake za marehemu mama yangu. Mume wangu anashauri nigawe zote, lakini roho yangu inasita. Nianzie wapi?

Jibu la 1

Pole, dada. Anza na ukungu, kwa sababu huku pwani kabati lililojaa halipitishi hewa, na unyevu ukishaingia kwenye mikunjo hautoki. Subiri siku ya jua kali, toa kila kitu, anika nguo, kisha futa mbao kwa kitambaa chenye siki na uache milango wazi hadi ndani pakauke kabisa. Lisogeze kabati mbali kidogo na ukuta. Nguo iliyotoka kwenye pasi ipoe kwanza ndipo uikunje. Mifuko ya nailoni iondoe, maana inafungia unyevu ndani.

Jibu la 2

Kuhusu sare, aliyekuomba ushone alitaka uwepo wako siku ile, nawe ulikwenda. Humdai wala hakudai. Gauni la kitenge lenye sketi pana mpelekee fundi alifumue, kwani hutoa gauni la mtoto au foronya kadhaa. Lesi yenye shanga ni vigumu kuishona upya, kwa hiyo igawe ilivyo.

Khanga ni jambo jingine, na hapo simwungi mkono shemeji. Za mama zisome majina moja moja, ubakize zile ambazo ukisoma unamsikia yeye, na nyingine wape dada zako na shangazi, ambao nao wangependa kumkumbuka. Doti mpya chache zitenge kwa ajili ya kumtembelea mzazi aliyejifungua au kwenda msibani, kwa kuwa mahitaji hayo huja bila taarifa.

Jibu la 3

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Ikiwa umeweka vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, yaani nafthalini, khanga hizo usimfunike mtoto mchanga. Mvuke wake hunasa kwenye kitambaa, na mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali inayopatikana sana katika maeneo yenye malaria, anaweza kuvunjika chembe hizo na kupata manjano kali. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo. Khanga za kumpelekea mzazi zihifadhi kwenye sanduku la peke yake, zikiwa safi na kavu, bila kidonge chochote.