Mafundi wa Dodoma, nani aliwaambia thamostati haina kazi?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Thamostati ni ile vali ndogo inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kulingana na joto. Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu uani kwangu. Pikapu iko mbele yangu boneti juu, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye vali, imelazwa kwenye turubai ikiwa na ufa katikati ya vali mbili, mwembamba kama unywele. Ufa huo umekula mavuno yangu yote ya Agosti.

Gari ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L (hilo ni jina lake tu), ile ya lita 2.8 isiyo na tabo wala kompyuta. Nililinunua mkononi mwa mtu kwa kazi moja tu: kutoa zabibu Hombolo na kuzifikisha mjini siku hiyohiyo. Wanaoijua injini hii wanajua haina makuu. Ipe oili safi, dizeli isiyo na maji na rejeta nzima, itakuzika wewe. Ndiyo maana nilipolipeleka gereji sikuomba maajabu. Nilisema, "Fundi, nifanyie sevisi ya kawaida."

Akalizunguka gari, akagonga boneti. "Mzee, hapa Dodoma ni joto. Thamostati ni ya nchi za baridi, inazuia maji. Tuitoe gari lipoe." Nikamuuliza kama ana uhakika. Akaninyooshea mkono kwenye magari yaliyopaki pale: "Haya yote hayana, na yanatembea." Nikakubali. Nilimwamini kwa sababu yeye ndiye fundi na mimi ni mkulima.

Sasa nisikilizeni, maana hili nimelijifunza kwa gharama. Thamostati ya injini hii ina vali mbili kwenye mwili mmoja. Injini ikiwa ya baridi, vali kubwa hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta na maji huzunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato. Injini ikishika moto, vali kubwa inafunguka, na palepale kisahani cha chini kinaiziba ile njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta kabisa! Ukitembea mtupu kwenye tambarare hutajua chochote. Pakia mzigo, panda mwinuko saa saba mchana, ndipo utajua. Na asubuhi injini inachelewa kupata joto lake, inakula dizeli zaidi na silinda zinalika. Hakuna upande hata mmoja unaofaidika.

Hakuishia hapo. Alimwaga kulanti yote, yale maji maalumu ya kupoza injini, akajaza maji ya kisima. Maji ya kisima, hapa Dodoma! Sote tunaishi na visima vya chumvi, sabuni haitoi povu na birika linaota magamba meupe. Magamba hayohayo yanaota ndani ya vijitundu vya rejeta. Lita chache za kulanti iliyochanganywa na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi) zingetosha, na kama hela imekata, hata maji ya mvua uliyoyakinga vizuri yana nafuu kuliko ya kisima.

Halafu akaniuzia nguvu. Eti "tunaiboresha kwa bei ya mwananchi": akafungua skrubu ya pampu iongeze dizeli. Nilitoka pale na moshi mweusi nyuma, nikadhani ndiyo nguvu yenyewe. Wakuu, injini isiyo na tabo inavuta hewa ileile iliyopo nje, na Dodoma tuko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Dizeli ya ziada bila hewa ya ziada inaleta joto na masizi tu. Kwa hiyo kwa mkono mmoja aliongeza moto, kwa mkono wa pili akaondoa kinachoupoza. Na akachukua hela kwa mikono yote miwili.

Siku yenyewe nilikuwa na kreti arobaini. Mshale wa joto ulikaa katikati, kisha ndani ya dakika chache ukaruka hadi juu. Nikazima, lakini hedi ilikuwa imeshapasuka. Nilikaa kando ya barabara hadi jioni. Zabibu zikaanza kutoa maji, nyuki wakajaa. Mnunuzi alizitazama mara moja akageuza pikipiki yake.

Fundi mwingine alipofungua injini ndipo akagundua kwamba hata balbu ya taa ya T-BELT kwenye dashibodi ilishang'olewa. Taa ile huwaka mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali ziende sawa na pistoni, ukifikisha kilomita 100,000. Mtu alichoka kuiona akaitoa balbu badala ya kubadili mkanda! Mkanda una nyufa pande zote. Ungekatika, vali zingegonga pistoni, na leo ningekuwa naandika habari ya injini nzima.

Hela niliyompa ya kuchezea pampu ingenunua thamostati, mfuniko mpya wa rejeta, kulanti, filta ya dizeli na ea klina (filta ya hewa) ya kuhimili vumbi la huku, na chenji ingebaki ya kufunga king'ora kidogo cha joto. Hayo ndiyo maboresho ninayoyataka. Sikuhitaji matairi makubwa wala kunyanyuliwa springi, ingawa navyo alinishawishi.

Nimempigia simu. Kajibu, "Mzee, hiyo hedi ilikuwa imechoka," kisha akanitajia bei ya kufunga nyingine. Pole hakutoa.

Nauliza: hapa Dodoma au hata Morogoro, nani anapima hedi kwa presha kabla ya kuifunga? Nimeletewa hedi ya mtumba na sitaki kuifunga kwa kubahatisha. Na wewe ambaye gari lako limepita gereji zetu hizi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kikofia pale mpira wa rejeta unapoingia kwenye injini uangalie kama thamostati imo. Ukikuta patupu, andika hapa.