Likizo ya Juni na familia: Bagamoyo, Kigamboni, Unguja au Pangani?

mama_watatu
Habari za jioni wadau. Shule zinafunga Juni na mwaka huu baba watoto kakubali tutoke, siku nne hivi, ila kila mtu nyumbani ana lake. Watoto watatu, mkubwa ana 13, wa kati 8, kitinda mimba 4, alafu tunaenda na mama mkwe, magoti yanamsumbua na boti anaiogopa. Tunakaa Mbezi Luis, gari dogo tunalo. Bajeti milioni moja na nusu kila kitu, tukijikamua sana ifike mbili kasoro.

Mume anataka Bagamoyo maana ni karibu, mkubwa anataka Unguja kwa sababu wenzake wameenda, shemeji kasema Kigamboni panatosha, na mimi kuna mtu kazini kanisifia Pangani mpaka nikatamani. Ninachotaka mimi ni watoto waoge baharini waoge washibe, siyo tufike tukae tunaangalia tope. Walioenda na watoto naombeni mnisaidie kulinganisha.

kijana_tegeta
Unguja dada, usijiulize mara mbili. Mchanga wa kule na maji yake huwezi kufananisha na huku bara.

mtu_wa_kunduchi
Mama watatu, kabla hujachagua mji chagua tarehe. Nimekulia pwani na kila Juni naona familia zinafika saa tatu asubuhi na taulo na maboya, bahari iko kule mbali, watoto wanalia, baba kanuna, saa saba wanaondoka wanasema beach mbaya. Beach siyo mbaya, wamekuja siku ya bamvua.

Iko hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Na huku kwetu Dar, Bagamoyo na Unguja, siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kwenye saa nne asubuhi. Yani muda uleule watoto wamekunywa chai wanataka kuogelea, maji hayapo. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 8 au 22 ya mwezi wa kuandama, ni maji mafu, yanajaa kwenye saa nne saa tano asubuhi na hata yakitoka hayaendi mbali. Kwa mtoto wa miaka 4 hiyo ndiyo wiki yako. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo ukijua siku ya kwanza unaweza kupiga hesabu ya siku zote nne.

La pili, Juni ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Mvua za masika zimeisha, jua siyo kali sana, hali ya hewa nzuri kabisa, lakini upepo upo na bahari inachafuka hasa mchana. Sehemu iliyokaa wazi mbele ya bahari kuu mtaipata hiyo, sehemu iliyojikinga mtakuwa salama.

mama_watatu
Asante sana mkuu, hili la saa nne sikuwahi kuambiwa na mtu. Sasa kwa hizo sehemu nne ipi imejikinga?

mtu_wa_kunduchi
Kigamboni ukishuka kusini kuelekea Kimbiji ndiyo pako wazi zaidi, wimbi ni la kweli na mkondo upo, kwa huyo wa 4 mimi ningesema hapana. Ya Mjimwema afadhali. Uzuri wake ni ukaribu, unapita daraja la Nyerere pale Kurasini unalipa tozo umefika, hakuna kupanga foleni ya kivuko Magogoni. Ila hapo ni pa kwenda asubuhi na kurudi jioni, kulala siku nne sioni sababu.

bi_shangani
Mimi ni wa Unguja nimeolewa Dar, naomba niseme bila kupendelea kwetu. Dada'angu, watu wakisema Unguja wanataja kama sehemu moja na siyo moja. Paje, Bwejuu na Jambiani ni upande wa mashariki, maji yakitoka yanatoka kwelikweli, mnaona kinamama wanakwenda kwenye mwani wao kwa miguu, ni kuzuri kutembea lakini mtoto wa kuogelea atasubiri sana. Na Juni huo upande ndiyo unapigwa na kusi, wale wa kuruka na matanga wanaufurahia, wewe na kitoto hutoufurahia. Kendwa na Nungwi, huku kaskazini upande wa machweo, maji hayaendi mbali na upepo wa kusi unakatwa na kisiwa chenyewe, unaoga muda wowote. Na pale Nungwi Mnarani kuna bwawa la kasa, watoto hawatoki hapo.

Sasa gharama. Nauli ya boti kwa watu sita kwenda na kurudi, gari la kuwatoa mjini mpaka Nungwi maana ni kama kilomita 60 (daladala 116 zipo ila na bibi mwenye magoti na mabegi siwashauri), na kule kaskazini vyumba vimepangwa kwa bei ya wageni. Milioni na nusu mtakwenda mnahesabu kila soda. Mkiamua kwenda laleni usiku mmoja mjini muende Forodhani jioni mle, alafu siku mbili Kendwa. Boti pandeni ya asubuhi kabla upepo haujaamka, kaeni chini nyuma siyo juu mbele, na mjue kuwa msimu huu kurudi Dar ndiyo kunarusha kuliko kwenda, kwa sababu mnarudi mnaelekea kwenye wimbi. Mama mkwe mwambieni ukweli huo mapema. Vitambulisho mbebe, na vyeti vya watoto pia. Na mkitoka ufukweni kuingia kijijini jifungeni kanga, watu wa kule wanaangalia heshima.

kijana_tegeta
Sa bi shangani si ndiyo nilichosema, Kendwa. Hela ikipungua mwende siku mbili tu. Mtoto wa miaka 13 hilo atalikumbuka, Bagamoyo atapelekwa na shule.

mwana_muheza
Naomba niitetee Pangani kidogo. Kutoka Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350 kwa Chalinze na Segera, alafu Pangani kama 50 tena. Tanga mjini yenyewe siyo kwa kuogelea sana, Raskazone pazuri pa kukaa jioni lakini kwingi ni mikoko, kwa watoto nendeni mapango ya Amboni. Kuoga ni Ushongo, kusini mwa mto Pangani. Mchanga mrefu, minazi, watu wachache, na mbele yake kuna fungu la Maziwe ambalo ni hifadhi, maji yakikupwa linatokea jeupe katikati ya bahari, yakijaa linamezwa lote. Zamani lilikuwa kisiwa chenye miti, wazee wanakumbuka. Mkubwa wako ukimpeleka pale na miwani ya kuzamia hatataja Unguja tena.

Ila mama, kwa siku nne na mtoto mdogo na mzee, siku mbili zitaisha barabarani, kwa hiyo Pangani mwende mkiwa na wiki nzima. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Saadani mpaka Tanga ikikamilika yote hapo hesabu itabadilika kabisa, mimi naisubiri sana.

baba_wa_bunju
Naona Bagamoyo inasemwa kama ya maskini, siyo sawa jamani. Twende taratibu.

Maji ya Bagamoyo ni ya kahawia, kweli, kwa sababu mto Ruvu unamwaga pale karibu na unashusha udongo, siyo uchafu. Ufukwe ni bapa, ndiyo maana maji yakitoka yanaenda mbali, lakini ubapa huohuo ndiyo unamfaa mtoto wa 4, anaenda hatua nyingi bado yako magotini. Mkienda wiki ya maji mafu kama alivyosema mtu wa Kunduchi mnaoga asubuhi yote, mkiangukia bamvua mnabadilisha ratiba tu, asubuhi mji, jioni bahari.

Na mji upo wa kutembea, hapo ndipo Bagamoyo inazishinda hizo nyingine kwa familia yenye bibi. Asubuhi mnaenda soko la samaki mnaona majahazi na mnada. Kaole ni kilomita chache kusini, magofu ya misikiti na makaburi ya zamani sana, gari linafika karibu. Misheni ya Wakatoliki ya 1868 ina makumbusho na miti ya kivuli, mwili wa Livingstone ulipitishwa pale 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Uingereza. Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, waelezeni watoto kwamba misafara ya pembe na watumwa iliishia hapo, huyo wa 13 ana umri wa kuelewa na ni vizuri asikie akiwa amesimama palepale. Kutoka kwenu mnakuja Tegeta, Bunju, kilomita hazifiki 80, mkitoka alfajiri kabla ya foleni mnakunywa chai kule. Hela ya nauli ya boti yote inabaki kwenye chakula na chumba.

mama_watatu
Baba wa Bunju umenigusa. Lakini mkubwa anataka maji ya bluu, nisiseme uongo, na nikimnyima kabisa likizo yote itakuwa sura.

mtu_wa_kunduchi
Huyo mpelekeni kisiwa cha Mbudya siku ya kurudi. Boti zinatoka hapa Kunduchi, safari fupi, ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio na cha mwananchi ni nafuu. Mchanga mweupe, maji unaona miguu yako, samaki wa kukaanga wanatengeneza palepale. Lakini bibi asiende, kupanda boti mnaingia kwenye maji mpaka mapajani na mawimbi yanaisukuma, kwa magoti hayo ni hatari. Baba aende na hao wakubwa wawili, vaeni maboya hata mkiambiwa ni karibu, na mrudi kabla ya saa tisa upepo haujakaza. Miguuni wavae viatu vya plastiki, kwenye miamba kuna wale wadudu wa bahari weusi wa miiba.

bi_shangani
Hilo nalikubali. Unguja mje Desemba dada, upepo wa kaskazi, na hela mtakuwa mmeziweka pembeni polepole.

mama_watatu
Nimemsomea baba watoto yote haya na mama mkwe alikuwa anasikiliza, kasema Misheni anataka aingie kanisani. Basi ni Bagamoyo usiku tatu, wiki mwezi ukiwa nusu, na siku ya kurudi baba na wakubwa Mbudya, mimi na bibi na mdogo tunawasubiri Kunduchi. Kuna la kuangalia kwenye kuchukua chumba?

baba_wa_bunju
Piga simu kabla, uliza chumba cha chini kisicho na ngazi kwa ajili ya bibi, uliza neti za mbu zipo kila kitanda, na uliza toka mlangoni mpaka ufukweni ni hatua ngapi maana "tupo beach" wanasema wote. Katikati ya wiki bei huwa inashuka, omba na utapunguziwa.