Naomba ushauri: kikundi chetu kinataka kuhamia kwenye programu ya simu

Habari zenu wakuu. Tuna kikundi cha kuazimana vifaa na kutengenezeana vilivyoharibika, ili tupunguze kununua na kutupa. Sasa wenzangu wanataka programu ya simu: unabonyeza, unachukua drili kwenye kabati lenye namba ya siri, unarudisha, basi. Hakuna kuonana. Wana hoja, sikatai. Wanaofanya kazi za zamu hukosa vikao, na foleni inachosha.

Lakini mimi naona pale mezani tunapokutana ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Mtu analeta pasi haipati moto, fundi anamshikisha bisibisi aifungue mwenyewe, kisha anamwonyesha waya ulipokatikia, karibu kabisa na plagi. Huyo hatupi tena kitu ovyo. Kabati litamfundisha nani? Hata kwenye Repair Café, yaani vikao vya watu kutengenezeana vitu vilivyoharibika, vilivyoanzia Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2009, mwenye kitu hukaa na fundi, si kukiacha na kuondoka.

Kuna aliyewahi kuchanganya yote mawili: programu iwe ya kuandikisha tu, makabidhiano yabaki ana kwa ana? Na watu wa zamu mliwasaidiaje? Tunapiga kura wikiendi hii, na kwa hali ilivyo upande wangu unashindwa.